Kampuni za safari, acheni kuuza maziwa ya milimani kana kwamba ni bwawa la hoteli

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimejizuia kwa muda kufungua uzi huu, na huenda ningeendelea kunyamaza kama kampuni ninayoilalamikia isingekuwa inajiandaa kuwafanyia wengine yale yale iliyotufanyia sisi. Sitaitaja jina. Lalamiko langu ni kwamba wapo watu wanaouza safari za kwenda kuogelea katika maziwa ya Nyanda za Juu Kusini huku wenyewe hawayajui maji hayo, hawawaambii wateja lolote kuhusu njia, kina wala hatari zake, na mteja akihoji baadaye anajibiwa kwamba alikuja kwa hiari yake.

Tangazo lao lilihusu wikiendi ya Pasaka: siku mbili, maziwa matatu, yaani Ngozi, Masoko na Nyasa pale Matema, na Daraja la Mungu, yaani lile daraja la mwamba la asili, likiwa kituo cha kupitia. Chini yake waliandika kwamba mlima ni mwepesi, kuogelea kupo katika kila ziwa na familia zenye watoto zinakaribishwa. Tangazo hilo bado ninalo kwenye simu, pamoja na risiti ya malipo.

Mtu yeyote aliyewahi kuishi Rungwe angeng'amua papo hapo kwamba mpangaji wa safari hii hajui anachokiuza. Wilaya ile ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kati ya Novemba na Mei. Pasaka huangukia katikati ya kipindi hicho. Njia ya kupanda Ngozi kutoka upande wa barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu hupita ndani ya msitu wa hifadhi wa Uporoto, chini ya miti mikubwa na mianzi, mahali ambapo jua halipati nafasi ya kukausha chochote, na udongo wake wa majivu ya volkano ukishalowa huteleza kiasi kwamba hata wenyeji hutembea na fimbo. Kwenye kosta yetu walikuwamo watu waliovaa kandambili, mama aliyebeba mtoto mgongoni na mzee mstaafu mwenye goti bovu. Siwalaumu hata kidogo, kwa kuwa waliambiwa mlima ni mwepesi wakavaa kulingana na walichoambiwa.

Kwa ambao hawajafika, Ngozi ni ziwa lililo ndani ya kasoko, yaani shimo kubwa lililoachwa na volkano. Kilele cha mlima kiko takribani mita 2,620 juu ya usawa wa bahari, na uso wa maji uko karibu mita 2,060, kwa hiyo anayesimama ukingoni hulitazama ziwa kwa mbali sana chini yake, tena siku ambayo ukungu umemhurumia. Urefu wake unakaribia kilomita mbili na nusu, kina chake kinazidi mita 70, na hakuna mto unaotoka humo. Husifiwa kwamba lina umbo la ramani ya Afrika. Mimi nimelitazama kwa makini na nasema inahitajika imani ya kutosha. Wageni wengi huishia pale ukingoni, wakapiga picha na kurudi. Kushuka hadi majini ni jambo lingine kabisa, kwa sababu mteremko ni mkali, mtu hushuka akishikilia mizizi, na atakachokishuka ndicho atakachokipanda tena akiwa amechoka.

Siku ile ukungu ulikuwa mzito na ziwa halikuonekana. Kijana wa kijijini aliyekuwa akituongoza, mmoja tu kwa kosta nzima na ambaye alipigiwa simu usiku wa kuamkia safari, alisema wazi, "Kaka, leo huku chini hapashukiki. Mtu akivunjika mguu, tutampandishaje?" Mwakilishi wa kampuni, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga mahali pale, alimjibu, "Dogo, wewe umelipwa kuonyesha njia. Watu wamelipia kuogelea." Nilisikitika mno. Mtu pekee aliyekuwa na ujuzi ndiye aliyenyamazishwa, na aliyenyamazishwa ndiye pia aliyelipwa kidogo kuliko wote.

Vijana kadhaa walishuka. Mmoja wao, akiwa bado anavuja jasho, akaruka majini na suruali yake ya jinzi. Hapa naomba nieleze kidogo, kwa kuwa kampuni husika inaonekana haijawahi kusikia habari hizi. Maji ya mwinuko ule ni baridi, na mwili wenye joto la kupanda mlima ukiingizwa humo ghafla hushtuka. Mtu huvuta pumzi kwa nguvu pasipo kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji wakati huo, anavuta maji badala ya hewa. Mapigo ya moyo hupanda, mikono hukosa mpangilio, na hali hii humpata hata mwogeleaji hodari. Ndivyo ilivyokuwa. Yule kijana alizuka akiwa hawezi kuita, nguo nzito zikimvuta, na wenzake wawili walimfikia kwa shuka la Kimasai walilolifunga fundo na kumrushia. Hapakuwa na kamba, boya, jaketi okozi wala sanduku la huduma ya kwanza. Mwakilishi wa kampuni alikuwa juu ukingoni akipiga picha.

Jambo la pili ni hewa. Rungwe yote ni nchi ya volkano, na kaboni dayoksaidi hutoka ardhini katika sehemu mbalimbali za wilaya kwa wingi kiasi kwamba huvunwa na kujazwa kwenye mitungi kwa matumizi ya viwandani. Hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na hutuama mabondeni na kwenye mashimo. Mwaka 1986 ziwa la kasoko liitwalo Nyos, nchini Kamerun, lilitoa hewa hiyo kwa mkupuo mmoja na kuua watu wapatao 1,700 waliokuwa wakiishi mabonde ya chini yake. Sisemi kwamba Ngozi ni Nyos, na sitaki mtu aondoke hapa na hofu ya kubuni. Ninachosema ni kwamba anayepeleka watoto wa watu katika ardhi ya namna hiyo anapaswa angalau awe amewauliza wenyeji ni mabonde gani hawapitishi mifugo yao, na kwa nini. Nilipomuuliza mwakilishi, alinisimulia habari za ziwa lililohama usiku kutoka vijijini na hazina za Wajerumani zilizofichwa majini. Hadithi hizo nazipenda, nimekua nikizisikia, lakini swali langu lilihusu mahali pa kumkalisha mtoto apumzike.

Masoko tulipita mbio kwa sababu muda ulikuwa umeliwa na Ngozi. Ni ziwa dogo la duara, zuri, karibu na boma la zamani la Wajerumani. Tulilitazama kupitia vioo vya gari mvua ikinyesha.

Matema ndipo mahali ambapo safari hii ingestahili kuanzia na kuishia. Pale kuna ufukwe halisi wa mchanga, Milima ya Livingstone imesimama moja kwa moja juu ya maji, na upande wa pili wa ufukwe wapo wachongaji wa mitumbwi na akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu vinavyojulikana kote Nyasa. Mtu anaweza kuogelea pale kwa raha, ilimradi aulize kwanza. Wenyeji watamwambia akae mbali na midomo ya mito, hasa Lufilyo, kwa sababu mamba hupenda maji yale ya matope. Watamwambia pia ni sehemu gani zenye matete na maji yaliyotulia, ambako konokono wanaobeba kichocho huishi, ili aepuke kuchezea huko na akapime afya akirudi nyumbani. Kwetu sisi tulifika giza limeingia, na asubuhi tulipewa saa moja na nusu tu ya kuoga, kila mtu akijitafutia mahali, bila neno hata moja kuhusu mto wala matete. Niliowauliza ni wavuvi waliokuwa wakikunja nyavu, na walinijibu kwa upole ambao sikuuona kwa waliopokea fedha zangu.

Mtu asiniambie kwamba natia chumvi kuhusu mamba. Mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliyekuwa akiogelea usiku katika Ziwa Chala, upande wa Kenya, aliuawa na mamba, katika maji ambayo kwa macho ni matulivu na safi kuliko mabwawa mengi ya mjini. Uzuri wa maji haumwambii mgeni chochote kuhusu kilichomo.

Nilipoomba nirudishiwe sehemu ya fedha kwa ajili ya vituo ambavyo havikufanyika kama ilivyotangazwa, nilijibiwa kwamba "safari za asili hazina marejesho" na kwamba mvua ni ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, sawa, lakini tarehe ilipangwa na kampuni. Niliuliza pia kuhusu leseni, kwa kuwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka anayefanya biashara hii awe nayo. Nikaondolewa kwenye kundi la WhatsApp kabla sijapata jibu.

Kilichonifanya nifungue uzi leo ni tangazo lao jipya. Wametumia picha ya yule kijana akiwa hewani, sekunde chache kabla ya kugusa maji, na kuandika chini yake kwamba Ngozi inawasubiri wajasiri. Nimewasiliana naye, hakuombwa ruhusa. Safari yenyewe imepangwa wikiendi ya Nane Nane, na safari hii wameongeza kuvuka kwa mitumbwi kutoka Matema kwenda kijiji cha Ikombe. Agosti bado ni msimu wa kusi. Upepo huo husafiri juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 ukitokea kusini, na hufika kaskazini ukiwa umeshainua mawimbi ambayo wavuvi wenyewe huyakalia pwani wakisubiri yapungue. Ukitaka kwenda Ikombe siku kama hiyo, unatembea kwa miguu.

Kwa kuwa najua wahusika wanasoma humu, nauliza: mitumbwi hiyo ni ya nani, itabeba watu wangapi, majaketi okozi yako mangapi, na ni nani atakayeahirisha safari iwapo wavuvi watasema hapavukiki? Picha ya yule kijana iondolewe, na fedha za vituo ambavyo havikufanyika zirudishwe kwa wote tuliokuwa kwenye kosta ile, si kwangu peke yangu. Jana waliniandikia "karibu inboksi tuyamalize". Siendi inboksi. Wajibu hapa hapa, mbele ya watu ambao Agosti wanatarajia kupanda mitumbwi hiyo.