Nimeitwa Dar kuigiza vichekesho vya siasa kwenye TV, niache kazi Tanga? Naombeni ushauri

Mtoto wa Makorora:
Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 29, naishi hapa Tanga mjini na mke na mtoto mmoja. Nafanya kazi bohari, mshahara mdogo ila tarehe ikifika unaingia. Tangu mwaka jana naigiza viongozi: usiku najifunga kikoi usoni, narekodi kwa simu, narusha WhatsApp. Zimezagaa mpaka vijiwe vya kahawa Ngamiani wanazipiga. Sasa kituo kimoja cha TV cha Dar kimenitafuta. Wanataka kipindi cha siasa kila wiki, sharti nivue kikoi, sura ionekane. Leo siku ya nne silali. Niende au nibaki?

Kahawa Chungu:
Nenda mdogo wangu. Magunia hayahami, ukirudi utayakuta.

Fundi Redio:
Kabla ya begi, mkataba. Wale jamaa wa Ze Comedy walipohama EATV kwenda TBC, ubishi ulifika mpaka kwenye jina, ndipo tukaanza kuwaona kama Orijino Komedi. Kwa hiyo uliza: huyo unayemuigiza atakuwa mali ya nani? Mkiachana, unaondoka na sauti yako au unaiacha getini? Na wakikupa malipo ya mwanzo usiyaguse mpaka mtu wa sheria asome karatasi.

Bint Pangani:
Mmenikumbusha mchekeshaji wetu Mzee Majuto. Nyumbani tulikuwa na deki, mtaa mzima unajaa sebuleni kumtazama, waliokosa nafasi wanasimama dirishani, mama anawauzia bagia humo humo. Agosti 2018, siku anazikwa hapa Tanga, baba alifunga duka. Hakulifunga hata siku ya harusi yangu. Nilikasirika miaka, sasa namwelewa.

Ustadh wa Mtaa:
Kijana, Suratul Hujurat imekataza watu kudharauliana. Riziki ya kukejeli wenzio haina baraka. Baki bohari, jifunze subira.

Karani Mstaafu:
Wote mmejibu, hakuna aliyeuliza. Unamuigiza nani hasa? Mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa na polisi Oktoba 2019 kwa picha tu, amebadilishana sura na Rais Magufuli. Hapa unayemwigiza ndiyo habari yenyewe.

Mtoto wa Makorora:
Viongozi mbalimbali tu mzee wangu, wa juu na wa chini.

Karani Mstaafu:
Hao mbalimbali wana majina. Na kikoi ni cha nini, baridi ya Tanga?

Mtoto wa Makorora:
Sawa. Yule anayekohoa mara mbili kabla ya kuahidi maji ni diwani. Na ni baba mkwe wangu. Mke wangu hajui. Mkwe mwenyewe klipu anazo, wiki iliyopita alinionyesha moja akauliza huyu kijana wa wapi, nikamjibu labda wa Muheza. Kituo kinamtaka huyo huyo, bila yeye hakuna kipindi. Lakini simtukani! Jina sijawahi kulitaja. Na maji kweli hayajatoka, mabomba yamelala nje ya zahanati yanaota majani. Angekuwa fundi cherehani ningemwacha na kikohozi chake. Kuhusu malipo ya mwanzo, Fundi, umechelewa. Nimesaini, na nimeshanunua bati.

Kahawa Chungu:
Bati geji 28 au 30? Kama ni 30 umepunjwa, upepo wa bahari utazila.

Msomaji wa Raskazone:
Mimi namtazama Bassem Youssef wa Misri. Daktari wa upasuaji wa moyo, akaanza na klipu za YouTube mwaka 2011, akafika TV. Akamcheka Rais Morsi mpaka akahojiwa na mwendesha mashtaka Machi 2013, akatoka kwa dhamana ya pauni 15,000 za Misri. Kipindi kikaendelea! Kilikuja kukwama Morsi ameshaondolewa. Oktoba 2013 kilirushwa mara moja, cha pili kituo chenyewe kikakizuia. Akahamia MBC Masr, Juni 2014 akafunga kabisa. Angalia hapo: waliomshangilia jana ndio waliokereka leo. Wewe leo mtaa unakucheka kwa furaha kwa sababu huyo diwani si mkwe wao. Na hao wa Dar, simu ya kwanza ikipigwa, watasimama na wewe?

Bibi wa Donge:
Mjukuu wangu, utani una wenyewe. Unamtania babu, unamtania shemeji, binamu ndiyo usiseme. Mkwe hana utani. Ukimkuta njiani unavua kofia. Maji msemee, hilo ni haki ya mtaa, mimi mwenyewe nanunua dumu. Lakini kikohozi ni mwili wake, binti yake atajisikiaje akisikia mumewe anauuza?

Nanga:
Wakuu, mnakunywa chai. Anarekodi usiku, mke asisikie? Mkwe asitambue sauti inayompa shikamoo kila wiki? Huyu ndiye mwandishi wa hicho kipindi. Ametutupia kikohozi na mabomba, sisi tunamjazia maneno bure.

Bint Pangani:
Na mimi nimeshamwaga habari za baba! Nisije nikaisikia bagia ya mama kwenye TV.

Fundi Redio:
Weka ukurasa wa kwanza wa mkataba, majina yafunike.

Mtoto wa Makorora:
Mkataba siuweki, umeandikwa ni siri. Narekodi bandani kwa kuku, nyuma ya nyumba. Mke akiniona natoka anajua nakagua, maana kicheche alishakula wanne. Ndiyo maana kwenye kila klipu anawika jogoo.

Karani Mstaafu:
Jogoo nimemsikia, mara mbili. Nanga, acha hiyo. Kijana, mshenga aliyekuombea mke yupo hai?

Mtoto wa Makorora:
Yupo, Chumbageni.

Karani Mstaafu:
Basi usiende kwa mkwe peke yako, na wala asikuone kwanza kwenye TV. Mkeo kwanza, kisha mshenga, kisha mzee. Dar iwe ya nne.

Mtoto wa Makorora:
Mshenga nimempigia sasa hivi. Amenyamaza, halafu akakohoa mara mbili. Kumbe anazo zote. Tunakwenda Ijumaa baada ya swala. Mke naongea naye alfajiri, kabla hajaenda sokoni.