Boda: kukaa upande au mguu huku mguu huku? Tupeane uzoefu

Nyar Dunga: Leo steji ya Kondele hapa Kisumu nimeona mama akiteleza kutoka kwa boda iliyosimama tu. Alikuwa amekaa upande. Hakuumia, ni aibu. Akina dada, nyinyi mnakaaje, hasa mkiwa na dera?

Mama Mapacha: Upande nilikoma. Matuta ya Mamboleo yalinifunza.

Jamaa wa Boxer: Mimi ni wa steji. Ukikaa upande uzito wote uko kushoto, kona ya kulia pikipiki inagoma. Halafu unanishika jaketi kwa kidole kimoja!

Mzee wa Ahero: Mwanamke aliyelelewa hatanui miguu barabarani. Mama yangu alipanda boda za baiskeli kule Busia akiwa amekaa upande, na hakuanguka.

Wakili wa Mtaa: Mzee, soma Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 60. Abiria wa pikipiki ni mmoja, nyuma ya dereva, mguu huku mguu huku. Hakijabagua mwanamke.

Mzee wa Ahero: Sheria ya Wazungu hiyo.

Wakili wa Mtaa: Na pikipiki ilitengenezwa Ahero?

Min Baraka: Acheni nimwage yangu. Nilinunua mbuta mkubwa pale ufuoni Dunga, wageni wa mume wangu walikuwa njiani. Nikakaa upande, samaki mapajani, dera jipya, upepo wa ziwa unavuma. Kufika Nyalenda nahisi navutwa kiunoni. Nikadhani upepo. Kumbe pindo limeingia kwa mnyororo! Dera likararuka kuanzia kwapa hadi chini, pikipiki ikazima, nikabaki nimesimama katikati ya barabara na kamisi, mbuta nimemkumbatia kifuani. Na ndio saa watoto wanatoka shule. Dereva badala ya kunisitiri anauliza nani atalipa mnyororo. Mama wa mandazi ndiye alinirushia leso. Sasa natanua hata nikienda kanisani, baika (kaptura ya kubana) ndani, dera nimelikunja na kulikalia. Atakayesema na aseme.

Mama Mapacha: 😂😂😂 Woi, pole sana.

Jamaa wa Boxer: Lakini mnyororo ulilipwa?

Min Baraka: Kwani yule dereva ulikuwa wewe?

Nyar Dunga: Mimi ni sketi ya ofisi, haitanuki. Nifanyeje?

Mama Mapacha: Vaa suruali, sketi ibebe kwa mkoba.

Mzee wa Ahero: Tuktuk zimejaa Kisumu. Panda tuktuk.

Jamaa wa Boxer: Mzee unatuharibia kazi. Dada, kunja sketi, funga leso juu. Na ukishuka, shukia kushoto. Ekzosti ya hizi zetu iko kulia, itakupiga chapa kwa mguu.

Mama Mapacha: Hiyo chapa ninayo.

Wakili wa Mtaa: Turudi kwa la maana. Mbuta alifika?

Min Baraka: Alifika. Wageni wakasema hana chumvi.

Nyar Dunga: Mbuta wa ukubwa huo siku hizi ni pesa ngapi Dunga?