Naomba ushauri: filta ipi inafaa tanki la samaki la lita 60? Nipo Mbeya

Mleta uzi: Habari za humu wakuu. Fundi vioo wa Mwanjelwa kanitengenezea tanki, sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Nikaweka samaki wa dhahabu wanne bila filta. Siku ya nne maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele, samaki wote juu wanahema. Wawili wamekufa, watoto wamelia sana. Nichukue filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, au ile ya mota inayozama? Huku Uyole umeme unakatika mara kwa mara.

Jibu la 1: Pole sana mkuu, nao watoto wape pole. Chukua sponji. Kazi kubwa ya filta ni kuwapa makazi bakteria wanaogeuza amonia, sumu ya kinyesi, kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina ukali ule. Wanakomaa kwa wiki 4 hadi 6, na baridi yenu ya Juni na Julai inawachelewesha zaidi. Kwa sasa lisha kidogo, badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili. Hao wawili wanatosha, usiongeze.

Jibu la 2: Samaki wa dhahabu anakunya kutwa, mimi ningeongeza na ya mota. Soma boksi: lita 300 kwa saa, yaani maji yote yapite mara tano. Ila umeme ukikatika muda mrefu, bakteria waliofungiwa ndani yake hukosa hewa wakafa, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Jibu la 3: Pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji. Yangu niliiweka sakafuni, umeme ukakatika usiku, maji yakateremka na mpira. Asubuhi zulia chapachapa, pampu imekufa. Na sponji usiioshe bombani, klorini inaua bakteria. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyotoa tankini. Yatatoka meusi kama kahawa, usishtuke.

Mleta uzi: Asanteni sana. Naanza na sponji, ya mota mwisho wa mwezi. Shemeji yangu wa Matema kaniahidi samaki wadogo wa Ziwa Nyasa waitwao mbuna, wanaweza kukaa na hawa?

Jibu la 1: Hapana mkuu. Mbuna anataka maji ya joto kuliko hawa wa dhahabu, nyuzi 24 hadi 28, na ni mkorofi, atawanyofoa mapezi. Mwambie shemeji asubiri upate tanki kubwa la peke yao.