Naomba ushauri: kuvuta nondo kwa taa usiku, na namna ya kuwatambua (Amani, Usambara Mashariki)

Mgosi wa Sigi

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwongoza wageni huku Amani, wilaya ya Muheza. Wageni wa ndege na vinyonga nawamudu. Sasa wameanza kuja wanaoulizia nondo, wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo. Wanataka shuka litundikwe, taa iwashwe, wakae pale na kamera mpaka usiku wa manane. Nimejaribu nyuma ya nyumba kwa shuka jeupe na balbu ya LED ya mwanga wa njano, nikapata kumbikumbi na mbu. Muda huohuo kwenye duka la jirani, penye tyubu ndefu ya zamani, ukuta umejaa nondo wakubwa kama kiganja!

Nataka kujua ninunue taa gani (natumia sola na betri moja tu), niiweke wapi, na saa ngapi. La pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi: mgeni akiuliza huyu ni nani, naishia kusema "nondo". Nimeweka picha mbili. Mmoja ni wa kijani mpauko mwenye mikia mirefu, nilimpiga kule chini tambarare. Wa pili ni wa kijivu, mnene, tumbo lina mikanda ya waridi na nyeusi, alitua ukutani kwangu.

Fundi Choki

Mkuu, jibu la taa liko dukani kwa jirani yako. Nondo anaona vizuri sana urujuanimno (UV), ule mwanga ambao sisi hatuuoni. Tyubu ya zamani inatoa kidogo, balbu ya zebaki inatoa mwingi, LED yako ya njano haitoi kitu. Zebaki ya wati 125 ndiyo waliyoizoea watafiti miaka mingi, ila inataka choki (kile kifaa cha kudhibiti umeme wa taa) na umeme wa uhakika. Kwa betri moja hiyo utazima kabla wageni hawajanywa chai.

Tafuta taa ya UV ya LED ya volti 12, iliyoandikwa nanomita 365 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Taa nyingi za kukagulia noti ni 395, zinavuta lakini kinyonge. Ukiiwasha ya 365 usishangae kuona kama haiwaki vizuri. Iangalie kwenye shuka: kama limefuliwa kwa sabuni ya unga, litang'aa rangi ya bluu. Na wageni wasiikodolee macho taa yenyewe.

bint_pangani

Taa nzuri kwenye mbalamwezi ni hasara tupu. Huku kwetu wavuvi wa dagaa wa karabai hawahangaiki kutoka mwezi ukiwa mpevu, wanangoja giza. Nondo ni hivyohivyo. Kalenda ya Kiislamu itakusaidia: kuanzia tarehe 20 hivi mpaka 5 ya mwezi unaofuata. Na ndani ya siku hizo chagua usiku wa joto, wenye mawingu, usio na upepo. Ukisikia fukuto la kabla ya mvua, acha kila kitu utundike shuka.

Mwl. Viumbe

Naongezea mahali. Usiweke msituni ndani kabisa, miti inaziba mwanga. Weka ukingoni, shuka litazame bonde. Funga kamba kati ya miti miwili, shuka lishuke mpaka chini na pindo lake ulitandaze ardhini, maana mbawakavu wengi wanadondoka na kutembea. Trei za mayai za karatasi uziache chini, nondo wanapenda kujibanza kwenye vishimo vyake.

Wageni wakikuuliza kwa nini wanakuja, waambie hivi. Utafiti uliochapishwa 2024, uliotumia kamera za kasi, ulionyesha kuwa wadudu warukao hugeuzia mgongo upande wenye mwanga. Kwa asili upande huo ni anga. Taa ikiwa karibu inawachanganya, wanabaki kuzunguka bila kupata njia ya kutoka. Ndiyo maana hupaswi kuiacha mpaka asubuhi. Zima mapema, la sivyo alfajiri ndege watakuja kustaftahi kwenye shuka lako.

Saa: nondo sfinksi wengine huanza magharibi tu. Nondo wakubwa wa jamii ya Saturniidae huchelewa, wengi utawaona baada ya saa tano. Mgeni akilala saa nne amekosa uhondo.

Picha ya kwanza ni *Argema mimosae*. Akishatoka kwenye kifukofuko hali chochote, hana mdomo wa kulia, anaishi siku chache kwa ajili ya kuzaa tu. Viwavi wake hula mng'ongo, kwa hiyo sishangai umempata tambarare. Kagua matawi ya mng'ongo: kifukofuko chake ni cha rangi ya fedha, kina vitundu vidogovidogo.

Mzee wa Mizinga

Huyo wa pili ndiye mwizi wa asali. Huwa anaingia kwenye mizinga, ukimshika analia kama panya.

Mwl. Viumbe

Mzee wangu, shikamoo. Mwizi wa asali unayemsema ni *Acherontia atropos*, na ni kweli analia. Lakini yule ana alama kama fuvu mgongoni na tumbo lenye njano. Huyu wa waridi ni *Agrius convolvuli*. Mgosi, nenda kwenye shamba la viazi vitamu, utakuta kiwavi wake mnene mwenye pembe mkiani anatafuna matembele.

Kwa kuanzia usihangaike na majina ya spishi, jifunze jamii kwa namna anavyotua. Sfinksi hurudisha mabawa nyuma, mwili umechongoka. Jamii ya Geometridae hulalia ukuta, mabawa yote manne yametandazwa. Saturniidae wana madoa kama macho na vipapasio vya madume ni kama manyoya. Ukishafika hapo, piga picha ya juu, ya ubavuni na ya mabawa ya nyuma yakionekana, weka rula pembeni, andika mahali na tarehe, kisha pandisha iNaturalist, programu ya kutambua viumbe kwa picha. Jina ukipewa, lilinganishe na AfroMoths, orodha ya mtandaoni ya nondo wa Afrika, uone kama spishi hiyo imeshaandikwa Tanzania. Programu hupenda kukupa jina la mdudu wa Ulaya.

Kaka wa Gede

Boss, salamu kutoka Kilifi. Si nondo wote hufuata taa. Ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, tia sukari na pombe ya miwa au mnazi, acha ichachuke, halafu pakaza kwenye magogo kabla ya jua kutua. Pitia na tochi baadaye. Utapata wale wa *Eudocima*: bawa la mbele kama jani kavu, ukimsumbua anafunua la nyuma, rangi ya chungwa. Chunga tu siafu.

Halafu jihadhari na narobi flai, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi. Anapenda taa sana msimu wa mvua. Hang'ati, sumu iko mwilini mwake, ukimponda kwenye ngozi malengelenge yanatoka baadaye. Mpulize aondoke. Ukishamponda, osha kwa sabuni na usiguse macho. Mwambie kila mgeni kabla hujawasha taa.

Mgosi wa Magoroto

Mgosi, hakuna aliyekugusia hili. Shuka jeupe, taa ya zambarau, usiku wa manane, watu wamesimama kimya... kesho yake kijiji kizima kitasema unawanga. Mwarifu balozi na mwenyekiti wa kitongoji mapema, na waalike watoto wa jirani saa za mwanzo. Wakishaona panzi na vunjajungu wametua kwenye shuka, habari itaenea yenyewe.

Ukiingia ndani ya hifadhi, pita kwanza ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Na iwe picha tu, mgeni anayetaka kuondoka na wadudu afuate vibali vyake.

Mgosi wa Sigi

Ahsanteni sana wakuu. Mwenyekiti nitamwona kesho, na taa ya 365 naiagiza. Shuka nililonalo ni la polista, linafaa?

Fundi Choki

Tafuta la pamba. Polista inateleza, mbawakavu hawapati pa kushika.