Kori ya 11 ya Jeshi la Potomac: ilikimbia kwa woga au ilipangwa vibaya?

Swali

Wakuu, nafuatilia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, upande wa Kaskazini. Kila nikikutana na Kori ya 11 ya Jeshi la Potomac, jeshi kuu la Kaskazini upande wa mashariki (kori ni kikosi kikubwa chenye divisheni kadhaa; divisheni ina brigedi, na brigedi ina rejimenti), nasoma jambo lile lile: "Wajerumani", yaani askari wenye asili ya Ujerumani, walitimua mbio pale Chancellorsville, Virginia, tarehe 2 Mei 1863. Je, lawama hiyo ina msingi? Na baada ya Aprili 1864 siioni tena kwenye orodha za jeshi. Ilivunjwa, au ilibadilishwa jina?

Jibu la 1

Mkuu, kwanza Wajerumani walikuwa kama nusu tu ya kori. Kamanda wake, Oliver Howard, hakuwa Mjerumani, wala Charles Devens, aliyeongoza divisheni ya kwanza iliyopigwa mwanzo.

Tazama mpangilio. Kori ilikuwa mwisho kabisa wa mstari, upande wa kulia, imetandazwa kando ya barabara kuu na karibu yote ikitazama kusini. Ubavu wa kulia haukuegemea mto wala kilima, ulikuwa unaning'inia msituni. Waliotazama magharibi, alikotokea adui, walikuwa rejimenti mbili za brigedi ya Kanali von Gilsa, yaani ya 54 ya New York na ya 153 ya Pennsylvania, pamoja na mizinga miwili barabarani. Basi! Wapanda farasi ambao wangefanya doria huko, Hooker, kamanda wa Jeshi la Potomac, alikuwa amewatuma wengi wao mbali kuvuruga njia za adui.

Jenerali wa Kusini, Stonewall Jackson, alizunguka kwa kilomita kama 19 na watu wapatao 28,000, akashambulia saa 11:30 jioni. Kori ya 11 ilikuwa na watu kama 11,000, bunduki zimesimamishwa mafungu mafungu, chakula kiko motoni. Onyo la kwanza kwa wengi wao lilikuwa paa na sungura waliotoka msituni mbio, wakapita katikati ya kambi. Rejimenti inayopigwa ubavuni haiwezi kujibu: ni wachache wa pembeni tu wanaoweza kufyatua, na kabla haijageuka, walio mbele yake wanaikimbilia na kuvuruga safu.

Jibu la 2

Naongezea, maana uzembe ulianzia juu. Hooker alimwandikia Howard saa 3:30 asubuhi ile ile kwamba aangalie ubavu wake. Howard akajibu kabla ya saa 5 kuwa anachukua hatua dhidi ya shambulizi la kutoka magharibi. Hatua zenyewe ndizo hizo rejimenti mbili! Von Gilsa alipeleka taarifa za adui kuonekana, Devens akazipuuza. Kisha jioni brigedi ya Barlow, kubwa kuliko zote na akiba pekee ya kori, ikaondolewa kwenda kumsaidia Sickles, kamanda wa kori nyingine, kusini. Kwa hiyo Jackson alipofika, nyuma hapakuwa na mtu wa kuziba pengo.

Na si kweli kwamba hawakupigana. Carl Schurz, wa divisheni ya tatu, alishageuza baadhi ya rejimenti zake magharibi bila kusubiri amri, na brigedi ya Buschbeck ilishikilia handaki fupi lisilo na kina karibu na Dowdall's Tavern kwa muda. Huku adui naye safu zake zikachanganyikana kwenye vichaka, giza likaingia. Kori ilipoteza watu kama 2,400. Anayesema hawakufyatua risasi aeleze hesabu hiyo.

Jibu la 3

Swali la pili: iliunganishwa. Aprili 1864 Kori ya 11 na ya 12 zilifanywa Kori ya 20 chini ya Hooker, ikaenda na jenerali wa Kaskazini Sherman hadi Atlanta. Lakini usidhani kori nzima ilihamia magharibi. Agosti 1863, baada ya pigano la Gettysburg, divisheni ya kwanza ilipelekwa Charleston, South Carolina. Zilizopanda treni mwishoni mwa Septemba kwenda Bridgeport, Alabama, ni ya pili na ya tatu, pamoja na Kori ya 12: watu zaidi ya 20,000, karibu kilomita 2,000. Ukifuatilia rejimenti ya divisheni ya kwanza kwenye orodha za magharibi utapoteza muda bure.

Alama ya kofia itakusaidia. Kori ya 11 ilivaa hilali: nyekundu divisheni ya kwanza, nyeupe ya pili, buluu ya tatu. Kori ya 20 ilirithi nyota ya Kori ya 12, kwa hiyo picha ya mwisho wa 1864 haiwezi kukuonyesha hilali kwa walioenda na Sherman.

Na mtego mmoja: ilikuwepo Kori ya 20 nyingine, ya Jeshi la Cumberland (jeshi jingine la Kaskazini, la magharibi) chini ya McCook, iliyofutwa Oktoba 1863. Haihusiani na hii. Angalia mwaka kwanza, namba baadaye.

Aliyeuliza

Shukrani wakuu. Naanza na divisheni ya kwanza, Charleston.