Wiki 11 taa ya kijani, kumbe betri ya kache imekufa: tunalipia uangalizi gani huu?

Wadau, salaam. Leo nina hasira na sitaficha.

Mimi ni msimamizi wa mifumo kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Malindi. Tuna kabati moja la hifadhi ya data lenye diski 12, na kila mwezi tunalipa kampuni iliyoko Mombasa ituangalizie utendaji wake. Jina silitaji, lakini pesa wanaipokea na mwisho wa mwezi wanaleta ripoti ya rangi nzuri.

Katikati ya Januari kazi ya kufunga hesabu za siku, iliyozoea kumalizika saa moja na nusu jioni, ikaanza kuvuka saa nne, kisha saa sita usiku. Dirishani ndiko kulikuwa na balaa lenyewe. Mhudumu anabonyeza kuingiza muamala, skrini inaganda. Wazee wametoka Mambrui na Gede kwa matatu ya alfajiri, foleni imefika nje, na jua la kaskazi mnalijua. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, pesa ni zangu, mbona nazingoja kama naomba?" Nilikosa la kumjibu.

Nilipiga simu mara 4. Jibu lao halikubadilika: "Kwetu kila kitu kijani, angalieni mtandao wenu." Tukanunua swichi mpya. Tukagombana na waliotuandikia programu. Nikamkemea kijana wetu wa mtandao mbele ya meneja kwa kosa ambalo halikuwa lake. Nimeshamwomba radhi, lakini aibu ile mimi ndiye ninayelala nayo.

Mwanzoni mwa Aprili nikaamua kulala ofisini. Nikafungua iostat, programu inayopima muda wa diski kusoma na kuandika, kwenye seva ya Linux, nikaiacha isome kila baada ya sekunde 5 wakati hesabu zinafungwa. Kusoma: milisekunde 3. Kuandika: zaidi ya 100, muda wote. Hapo nikajua mtandao hauna hatia. Nikadai nenosiri la kontrola ya kabati, yaani kifaa kinachoongoza diski zote (hata hilo walilikalia mpaka meneja akaandika barua) na nilipofungua kumbukumbu za matukio nikalikuta limeandikwa wazi: tarehe 14 Januari betri ya kache imeshindwa, kontrola imeacha kutumia kache kwa kuandika.

Kwa wasioijua kazi hii: kwa kawaida kontrola ikipokea data huiweka kwanza kwenye kumbukumbu yake ya haraka, ndiyo hiyo kache, inaijibu seva "nimepokea", halafu inaipeleka kwenye diski kwa mpango wake. Betri iko pale ili stima ikipotea, data iliyo njiani isipotee nayo. Betri ikifa, kontrola inajihami: inakataa kujibu mpaka kila kitu kifike kwenye diski. Inafanya sawa kabisa, siilaumu mashine. Lakini sasa piga hesabu. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inahimili maombi kama 75 hivi ya kusoma au kuandika kwa sekunde, yakiwa ya huku na huku kwenye diski. Diski 12 ni kama 900. Sisi tuko kwenye RAID 6, mpangilio wa diski unaookoa data hata diski mbili zikifa, ambapo andiko moja dogo linazaa kazi 6 kwenye diski: kusoma mara 3, kuandika mara 3. 900 ukigawa kwa 6 unabaki na 150. Maandiko 150 kwa sekunde kwa chama kizima, matawi yote, wakati wa kufunga hesabu!

Na dashibodi yao ilionaje kijani? Hapa ndipo damu inaponichemka. Wanachora nukta moja kila dakika 5, nukta yenyewe ni wastani, na kusoma na kuandika wamevichanganya chungu kimoja. Chukua maombi 100: 90 ya kusoma kwa milisekunde 3, 10 ya kuandika kwa milisekunde 120. Wastani wake ni 14.7. Tahadhari yao wameiweka milisekunde 20. Kwa hiyo mhudumu wangu anagandishwa kila muamala, na wao wanaona mambo shwari. Ripoti ya mwezi ni mbaya zaidi, maana wanajumlisha na saa za usiku ambazo mashine haina kazi.

Onyo la betri nalo lilitumwa. Lilikwenda kwa barua pepe ya fundi wao aliyeacha kazi tangu mwaka jana.

Betri ilikufa kwa joto, na hilo nina uhakika nalo. Mwezi wa Desemba kiyoyozi cha chumba cha seva kiliharibika, tukakaa karibu wiki 3 tunahangaika na feni. Kosa hilo ni letu, nalikubali. Lakini kabati lina kihisi chake cha joto, nambari zilikuwa zinaingia kwao kila siku, na hakuna aliyenyanyua simu.

Betri mpya ilichukua nusu saa kuwekwa. Ikishajaa chaji, kuandika kukashuka chini ya milisekunde 2, na jioni hiyo hesabu zikafungwa saa moja na dakika 20. Juzi wakatuletea ankara ya safari ya fundi. Ankara! Sitaisaini.

Ninachodai ni hiki. Muda wa kuandika uchorwe peke yake, kwa sekunde 10 au pungufu. Watuonyeshe na yale maombi yaliyochelewa kuliko yote, ile asilimia 1 ya mwisho, kwa sababu ndiko aliko yule mama wa Gede. Hali ya betri, hali ya kache na joto vipige kelele kwa simu ya mtu aliye hai. Na nenosiri la kusoma kumbukumbu za matukio liwe kwetu, mashine ni yetu.

NYONGEZA: Wanaonijibu "hamieni kwenye wingu", yaani tukodi seva za kampuni nyingine kupitia intaneti, nimewasikia. Hata huko ukitazama wastani tu utaumia vilevile, na bodi yetu haijaamua. Aliyesema betri ni jukumu la mteja: mkataba ninao mezani, kifungu cha vipuri kinawataja wao.

Kikao nao ni Jumatano. Aliye na mkataba wenye kifungu kinachomfunga mwangalizi kwa muda wa kuandika, si kwa "mfumo uko hewani" tu, naomba anitumie maneno yake kabla ya siku hiyo.