Mdogo wangu anavuta kokeni ya mawe, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Ngamiani, Tanga. Mdogo wangu, fundi cherehani mzuri tu, ameingia kwenye kokeni ya kuvuta, ile ya mawe. Suruali siku hizi anafunga kwa kamba, ncha za vidole zimeungua, anakohoa usiku kucha. Anaweza kukesha siku mbili, kisha akalala hadi mama anamwekea mkono puani kuona kama anapumua. Juzi kashika kifua, moyo unamwenda mbio, eti ni gesi. Gesi gani hiyo?

Kila mtu ananiambia mpeleke methadoni. Jamani, methadoni ni ya waliozoea heroini. Kokeni haina dawa maalumu ya kuiachisha, tegemeo kubwa ni ushauri nasaha. Hapo ndipo nimekwama. Majirani wanasema sana, waseme tu, mimi naogopa huo moyo.

Mliowahi kuuguza mtu wa hivi, nianze na vipimo vya moyo na mapafu, au soba hausi, zile nyumba za kukaa waraibu wanaoacha dawa za kulevya, kwanza? Na kula mlimrudisha vipi? Hata uji wa mama anauacha, labda kipande cha mkate wa mofa asubuhi, basi.